Kinamasi si kiwanja

Eti wakazi wanaopinga magorofa kwenye kinamasi chao ni maadui wa maendeleo? Haya. Agosti 2018 jengo la maduka la Ukay pale Westlands, Nairobi, lilibomolewa kwa kukalia njia ya mto, tena baada ya kusimama miaka mingi. Mafuriko ya 2024 yalipopiga Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, wengi waliobomolewa ni wenye nyumba za mabati. Matete na tope la kinamasi hunyonya mvua ya masika na kuiachilia polepole. Ukimwaga kifusi juu yake maji hayapotei, yanahamia sebuleni kwa jirani wa chini. Mto Nairobi wenyewe huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu! Wakazi, malori ya kifusi yakija usiku (na huja usiku), pigeni picha namba zake.