Ozzy ametuaga akiwa amekaa
Mi jana nimelia jamani, siwafichi. Ozzy Osbourne, yule mwimbaji wa bendi ya roki nzito Black Sabbath, amefariki Julai 22, 2025 akiwa na miaka 76, siku 17 tu baada ya ile shoo ya kuaga pale uwanja wa Villa Park, Birmingham, Uingereza, kwao kabisa maana mtaa huohuo wa Aston ndo alikokulia. Niliiangalia kwa simu usiku, ugonjwa wa Parkinson umemkaba hata kusimama hawezi, anaimba amekaa kwenye kile kiti cheusi cha kifalme, macho yanawaka, na kuna saa anajaribu kunyanyuka kabisa!! Toka niko shule nasikiliza Black Sabbath, nyumbani wakidhani nimeingiwa na shetani, kumbe lile gitaa zito la mpiga gitaa wao Tony Iommi ndo lilikuwa linanituliza. Pumzika mzee wetu, pole sana mkewe Sharon na watoto.