Kashata ndefu zikae mbele, siyo nyuma

Fundi wangu wa Mwanjelwa, Mbeya, alilipokea tairi nililomletea, akaligeuzageuza, akacheka. "Kaka, hili si limeshakwisha? Umeuziwa kipara." Tairi lilikuwa jipya, bado lina vile vinywele vya kiwandani pembeni. Kosa lake lilikuwa kashata (yale meno ya raba) fupi zilizobanana. Kwetu tairi la porini linapimwa kwa urefu wa kashata, kama jogoo anavyopimwa kwa upanga wake.

Niseme msimamo wangu mapema ili mwenye kubisha ajue pa kuanzia. Kwa njia nyingi za Nyanda za Juu Kusini, mtu mwenye pikipiki ya porini (namaanisha zile zenye rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, kama Honda XL au Yamaha DT za zamani) afunge nyuma tairi la traiali, yaani hilo la kashata fupi, la mchezo wa kupanda mawe polepole, na kashata ndefu azipeleke mbele. Wengi tunafanya kinyume. Nyuma tunaweka meno ya kutisha, mbele tunaacha tairi lolote lililokuja na pikipiki, halafu tukianguka tunalaumu barabara.

Mimi ni mtu wa parachichi. Kazi yangu ni kuzungukia wakulima kuanzia Rungwe hadi Makete, na XL125 yangu ina umri wa kuwa na wajukuu. Kwa miaka mingi nilikuwa muumini wa kashata ndefu. Mzunguko ninaoupenda ni huu: Uyole, lami hadi Isyonje, nakunja kushoto kupanda Kikondo, napita Kitulo, nashukia Matamba hadi Chimala kwa ile barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba, kisha narudi nyumbani kwa lami ya TANZAM. Ndani ya siku moja unakutana na udongo mweusi wa volkano, nyasi zenye umande, changarawe iliyokauka, mawe yaliyojitokeza njiani na lami yenye malori. Tairi linaloweza yote hayo kwa ubora halijatengenezwa. Swali ni lipi litakusaidia pale unapohitaji msaada zaidi.

Jibu nililipata Hamsini na Saba, mwezi wa nane, vumbi likifika kifundo cha mguu. Nyuma nilikuwa na tairi la motokrosi (zile mbio za kasi kwenye viwanja vya udongo), jipya, kashata ndefu kama kiungo cha kidole. Nilitegemea litang'ang'ania ardhi. Kila nilipokanyaga breki juu ya mwamba, nyuma iliteleza ghafla bila kunionya. Kona ya tatu nikalala chini. Ya saba nikalala tena, safari hii mbele ya mama mmoja aliyebeba kuni. Akanipa pole kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko.

Sababu yake ukishaielewa ni rahisi. Kashata ndefu iliyosimama mbali na wenzake imeumbwa ili izame. Kwenye tope au mchanga inazama, inashika, na ile nafasi pana katikati inasaidia udongo kuchomoka gurudumu linapozunguka. Kwenye mwamba haina pa kuzama. Kinachogusa jiwe ni ncha tu, na ncha hizo zikibebeshwa uzito zinapinda, zinatikisika, kisha zinaachia zote kwa mpigo. Ndiyo maana hata watengenezaji wa matairi ya motokrosi hawana tairi moja la kila mahali. La ardhi laini lina kashata ndefu zilizoachana. La ardhi ngumu lina kashata fupi zilizosogeleana. Na wale wa Marekani wanaoshindana mbio za duara kwenye viwanja vya udongo ulioshindiliwa, wakiingia kona pikipiki imelala ubavu, wanatumia rimu za inchi 19 mbele na nyuma, na matairi yasiyo na meno hata kidogo, vijiraba vifupi tu vilivyopangwa karibu karibu. Lingekuwa suala la urefu wa jino, wao wangekuwa wa kwanza kulitaka.

Traiali ni mchezo wa polepole. Mpanda pikipiki anapita juu ya majabali, magogo na vijito bila kugusa chini kwa mguu. Akigusa mara moja anahesabiwa alama moja ya adhabu, na akishindwa kabisa kupita anapewa tano. Bingwa wake ni Mhispania Toni Bou, ambaye kuanzia 2007 hadi 2024 hakukosa ubingwa wa dunia hata mwaka mmoja. Pikipiki zao hazina hata kiti. Sasa angalia matairi ya watu hao wanaopanda jabali lililosimama kama ukuta: kanuni za mchezo haziruhusu kashata izidi milimita 13, na nafasi kati ya kashata nayo ina kikomo. Wanashika kwa vitu vingine. Raba ni laini, ukuta wa tairi ni laini, na upepo ni mdogo kiasi ambacho fundi wangu angekataa kuamini: psi (kipimo cha upepo) 4 au 5 nyuma. Tairi halichomi jiwe, linalikumbatia, na kila kijipembe cha kashata kinapata sehemu yake ya kushika.

Aliyenishawishi kwa vitendo ni rafiki yangu wa Kihesa, Iringa. Kule wana bahati ya mawe. Miamba ya graniti imetapakaa kila upande wa mji, mingine mikubwa kuliko nyumba. Gangilonga ndiyo yenye jina, lakini hiyo tuwaachie wanaokwenda kutazama machweo na kupiga picha. Sisi tulikwenda kwenye mawe ya shambani kwa mzee mmoja aliyetusalimia "Kamwene", akakaa kivulini kutazama watu wazima wanavyopoteza Jumapili yao. Pikipiki zetu zilikuwa karibu sawa kwa nguvu. Mimi na kashata zangu ndefu nilichimba, nikarusha kokoto, nikarudi kinyumenyume. Yeye na tairi lake "lililoisha" alipanda kama mjusi. Tulibadilishana pikipiki nikidhani ni ufundi wake. Nikapanda na mimi. Mzee akapiga makofi, na siku hiyo hiyo nikaanza kuulizia tairi la namna ile.

Kulipata ni kazi. Mwanjelwa sijawahi kulikuta dukani, langu liliagizwa kupitia Dar es Salaam na nilisubiri. Ukubwa wake wa kawaida ni 4.00-18 nyuma na 2.75-21 mbele. Usinunue bila kujua tofauti moja: yapo ya mashindano, kama Michelin X-Light au Dunlop D803, ambayo ukuta wake ni laini mno kwa mtu anayepita lami kwenda porini. Ukifika mwendo wa sitini au sabini pikipiki inaanza kuyumba kama imelewa, na lami inalila tairi kama kifutio. Pirelli MT43 ina umbo lile lile la kashata lakini ukuta wake ni mgumu zaidi, na kwa anayechanganya njia kama mimi ndilo chaguo la busara. Kabla ya kulipa pima nafasi kwenye uma wa nyuma, maana tairi hili ni nene. Langu limebakiza nafasi ya upana wa kidole kimoja tu hadi kwenye mnyororo.

Nyuma tumemaliza. Mbele kwa nini nisiweke traiali pia? Kwa sababu tairi la mbele lina kazi nyingine. Halisukumi, linaongoza. Kwenye udongo uliolegea linahitaji kashata za pembeni zenye makali ya kuchimba ukingo wa kona, na hapo traiali linashindwa kwa sababu pembeni ni duara na fupi. Nyuma ikiteleza utaiona, utaisikia kwenye makalio, utasahihisha. Mbele ikiteleza unapata habari ukiwa tayari chini. Kwa hiyo fedha ya kashata nzuri iende mbele, na tairi la mbele libadilishwe mapema, makali ya kashata yakianza kuwa duara, hata kama urefu bado upo. Watu wa enduro, zile mbio ndefu za porini, sehemu nyingi duniani wanafunga hivi hivi, traiali nyuma na kashata mbele, sikulivumbua mimi.

Sasa upepo, ambao naona ndio nusu ya habari yote. Mafundi wetu wanapima kwa kidole gumba na kujaza hadi tairi lilie kama ngoma. Tairi lolote la porini, liwe la shilingi nyingi kiasi gani, likijazwa psi 30 linageuka gurudumu la mkokoteni. Mimi porini naweka 14 nyuma na 15 mbele. Nikirudi lami napandisha hadi 22 au zaidi, na nikibeba mzigo naongeza tena. Nimefikia namba hizo kwa kujaribu, uzito wangu na mawe ya njia zangu. Za kwako zinaweza kutofautiana kidogo.

Kushusha kuna gharama yake, na gharama ni tyubu. Upepo ukipungua sana tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, unapata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya nyoka. Dawa ni tyubu nene. Jingine baya zaidi ni tairi kuzunguka juu ya rimu unapovuta mafuta, likaiburuta tyubu hadi vali ikang'oka. Pikipiki za porini zina kile chuma kidogo chenye nati kinachobana tairi kwenye rimu. Pikipiki nyingi nilizoziona kwetu chuma hicho kilishatolewa na fundi aliyeona kinamsumbua. Kirudishe. Kama huna, usishuke chini ya 14, na kila mapumziko tazama vali: ikiwa imelala upande, tairi limeshaanza kutembea. Na nunua kipimo chako cha upepo. Kinaingia mfukoni na kimenisaidia kuliko tairi lolote.

Najua watu wa Tukuyu wameshakunja uso. Wana haki. Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Novemba hadi Mei njia za Mwakaleli na Busokelo ni utelezi mtupu. Kwenye tope la mfinyanzi traiali linajaa udongo katika mizunguko michache na kuwa kama chapati. Kushusha upepo kunasaidia kidogo, halafu hakusaidii tena. Kama unaishi huko na unapanda pikipiki kila siku ya masika, kashata ndefu zilizoachana ni zako, mbele na nyuma, na usinisikilize. Vivyo hivyo kwa udongo mweusi wa mbuga kule Usangu wakati wa mvua, ingawa kusema kweli udongo ule ukishalowa hata trekta linafikiria mara mbili. Ila hesabu miezi yako. Mimi nilihesabu: siku za tope zito zisizoepukika kwenye ratiba yangu ni chache kuliko nilivyokuwa nikijiambia, na tope lile lile lilikuwa likiniangusha hata na kashata ndefu.

Kwa ndugu wa bodaboda wenye rimu za 17 habari hii inawafikia nusu tu. Traiali laini siyo la kubebea abiria wawili na gunia. Angalieni maandishi ya pembeni: 50P, kwa mfano, ina maana tairi linabeba kilo 190 na mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Tafuteni kashata fupi zilizobanana zenye ukuta mgumu, achaneni na ya motokrosi inayouzwa kwa sura.

Jambo la mwisho dukani ni umri. Duka moja la mjini, silitaji, liliniuzia tairi "jipya" lililopasuka katikati ya kashata baada ya safari mbili. Nilipotazama pembeni, kwenye alama ya DOT, tarakimu nne za mwisho zilisomeka 1115, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2015. Lilikuwa limelala stoo miaka sita. Raba ikizeeka inakuwa ngumu, na raba ngumu juu ya jiwe ni sabuni. Siku hizi nabonyeza kashata kwa kucha kabla sijauliza bei. Kucha isipoacha alama, naaga. Mshale wa mzunguko nao uangalie mwenyewe wakati tairi linafungwa, maana matairi mengine yana mishale miwili, mmoja wa likifungwa mbele na mwingine wa nyuma, na inaelekea pande tofauti.

Fundi wangu wa Mwanjelwa bado hajashawishika. Wiki iliyopita alinizibia pancha, akajaza hadi thelathini kwa ukarimu wake wote, akalipiga tairi teke la kuridhika. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nikalipa, nikaondoka. Nilipokata kona ya kwanza nikasimama, nikatoa kipimo mfukoni, nikaanza kuushusha.