Mweka Hazina Aliyejitoa Kwenye Grupu

Jamani, mimi nina kinyongo na mzee Edwin Mtei. Hatujawahi kukutana wala kugombana. Kinachoniuma ni kwamba yeye alijiuzulu uwaziri wa fedha akaja kuandika kitabu cha maisha yake, mimi nimejiuzulu nikaishia kununiwa.

Kitabu chenyewe nimeazima kwa jirani, mwalimu mstaafu. Kiingereza kitupu, na nakisoma kwa tochi ya simu maana LUKU imeisha na humu ndani kila mtu anamwangalia mwenzake. Mtoto wa Marangu, kachunga mbuzi, 1966 akawa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Noti za kwanza za shilingi yetu zilikuwa na saini yake. Hebu fikiria, saini yako inatembea mifukoni mwa watu nchi nzima! Yangu mimi iko kwenye daftari la mkopo dukani kwa Mangi tu.

1977 Mwalimu Nyerere akampa Wizara ya Fedha. Wakati gani sasa huo wa kupewa hazina? Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika mwaka huohuo, kisha Amin akaja Kagera tukaingia vitani, mafuta nayo yakapanda. Fedha za kigeni zikakauka. 1979 Mtei akakaa mezani na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, na wao, pamoja na mengine, wakataka shilingi ishushwe thamani. Mwalimu akakataa katakata. Kabla mwaka haujaisha Mtei akaandika barua, akaondoka. Mwaka mpya wa 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi: tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia?

Mimi wakati huo nina miaka minane, niko kwenye foleni ya sukari na jiwe langu. Ndiyo, jiwe. Ukichoka unaliweka linakushikia nafasi, unakwenda kucheza, ukirudi unalikuta palepale. Watu waliliheshimu lile jiwe kuliko wanavyoniheshimu mimi leo. Nilidhani sukari imechelewa njiani. Kumbe wakubwa wanabishana dola moja iendelee kuwa shilingi nane na ushee au ipandishwe, na mimi nakuja kuambiwa baada ya miaka 30, kitabu kilipotoka 2009. Tena kwa Kiingereza!

Sasa, nilipofika kwenye ile barua nikajiona Mtei mtupu. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji. Ahadi milioni 22, taslimu milioni tatu na laki nane. Nikashauri, kwa adabu kabisa, tushushe ukumbi: tuache ule wa kiyoyozi, tufunge turubai uani kwa mjomba. Mwenyekiti, yaani shemeji mwenyewe, akasimama: "Ukoo huu haujawahi kula pilau chini ya turubai!" Uongo mtupu. Yeye mwenyewe alioa chini ya turubai, tena la kuazima msikitini, nami nilishika kamba.

Nikajitoa kwenye grupu usiku uleule, kifua mbele, nikijua historia inanitazama. Baada ya dakika mbili akaniunganisha tena. Hela za kamati ziko kwenye laini yangu.

Mtei baadaye alikwenda kuwa mkurugenzi hukohuko IMF, Washington, na 1992 akaanzisha chama cha CHADEMA. Mimi nimepandishwa cheo nikawa mkumbusha michango. Wanasoma, tiki za bluu naziona, wananyamaza.

Na ile shilingi? Ilikuja kushushwa vilevile, 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu. Leo dola inapita shilingi elfu mbili. Lakini msinitajie Washington, anayeshusha shilingi yangu namjua. Ni mama wa genge hapa mtaani. Fungu la nyanya la mia tano lilikuwa na nyanya tano. Zikawa nne. Jana nimekuta tatu, kazipanga kwa ufundi, mbili chini moja juu, ukilitazama kwa mbele unasema fungu limejaa. Bei ileile! Hakuna ujumbe wa IMF uliotua uwanja wa ndege, hakuna waziri aliyeandika barua.

Nikazibeba hivyohivyo. Mke wangu akazihesabu, akazihesabu tena, akaniangalia. "Baba Nasra, na wewe ndiye uliyekabidhiwa hela za watu?"

Akanirudisha nikadai nyongeza. Nimesimama gengeni dakika kumi nzima namweleza mama yule habari za Gavana, noti na saini. Akanisikiliza vizuri tu, mkono kiunoni. Kisha akainama chini ya meza, akanipa moja, imepasuka ubavuni, akasema niiwahishe nyumbani kabla haijamwagika.