Kiingereza kwa Binti wa Kabul: Pesa Ikikatika, Anabaki na Nini?

Ndugu yangu anayeishi Maskati alinitumia ujumbe mwezi uliopita. Yeye na wenzake wa msikitini wanachanga pesa za kuwalipia mabinti wa Afghanistan masomo ya Kiingereza kwa njia ya simu: ada ya mwalimu, bando la mwezi, na mwishoni mtihani wa kimataifa wenye cheti. Akaniuliza kama nitaingia. Nilidhani ni jambo la kujibu palepale. Limenikalisha wiki mbili.

Hali yenyewe haina fumbo. Taliban waliingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021, na mwezi uliofuata shule za sekondari zikafunguliwa kwa wavulana peke yao. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana waliambiwa warudi. Wakavaa sare, wakafika darasani, na saa chache baadaye wakaambiwa waende nyumbani. Desemba mwaka huohuo vyuo vikuu vikafungiwa wanawake. Vyuo vya uuguzi na ukunga viliachwa kidogo, navyo vikafungwa Desemba 2024, katika nchi ambayo familia nyingi hazikubali mke au binti atibiwe na daktari mwanamume. Leo binti akimaliza darasa la sita, amemaliza kweli. Mwaka 2024 UNESCO ilihesabu wasichana wasiopungua milioni 1.4 walionyimwa sekondari tangu 2021.

Na kwa kuwa mchango huu unapita msikitini, niseme na hili. Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, taasisi kongwe ya elimu ya Kiislamu huko Misri, Ahmed al-Tayeb, alitamka Desemba 2022 kwamba kuwazuia wanawake kusoma kunakwenda kinyume na sharia. Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu nayo ililaani. Kwa hiyo anayechanga hana haja ya kunong'ona kana kwamba anaiendea dini kinyume. Ubishi wangu haukuwa hapo. Ubishi ulikuwa: kwa nini Kiingereza?

Hoja ya ndugu yangu ina nguvu, na sitaki kuipunguza. Kiingereza hakihitaji maabara wala jengo. Kinahitaji mwalimu, simu na ukaidi wa kurudiarudia. Sehemu kubwa ya masomo ya bure kwenye intaneti imeandikwa kwa lugha hiyo, na chuo kama University of the People cha Marekani, kinachofundisha mtandaoni bila kutoza ada ya masomo, kimewapokea wanawake wengi wa Afghanistan ambao wasingeweza kukanyaga chuo chochote cha kwao. Kuna na kazi ndogondogo za kutafsiri na kuandika ambazo mtu hufanya akiwa chumbani na kulipwa. Halafu kuna jambo ambalo ndugu yangu hakulisema, nami naliona kubwa kuliko yote: lugha haikaguliwi mpakani. Cheti kinaweza kuchanwa, chuo kikafungwa, lakini aliyekwisha kujifunza lugha anatembea nayo kichwani, na jioni anaweza kumfundisha mdogo wake jikoni.

Lakini tangazo lao la mchango halisemi hivyo. Linasema Kiingereza ni “mlango wa kutokea”. Hapo ndipo nilipokwama.

Agosti 2023 tajiri wa Dubai, Khalaf Ahmad Al Habtoor, alikuwa amewaandalia wanawake 100 wa Afghanistan ufadhili kamili wa kusoma chuo kikuu mjini humo. Ndege ilikuwa tayari. Waliofika uwanja wa Kabul wakazuiwa kupanda, akiwemo mmoja aliyeeleza kuwa alikuwa na maharimu wake, ndugu wa kiume wa karibu, pembeni. Yaani ada, viza na tiketi vyote vilikuwepo, na bado haikutosha. Tangu Desemba 2021 mwanamke hata akitaka kusafiri zaidi ya kilomita 72 ndani ya nchi yake anatakiwa aongozane na maharimu.

Mfano wa pili ulitokea Oman, nchi anayokaa ndugu yangu. Mwanzoni mwa 2025 wanawake zaidi ya 80 wa Afghanistan waliokuwa wakisoma huko kwa pesa za msaada wa Marekani waliambiwa ufadhili umekatwa na wajiandae kurudishwa kwao. Hawa walikuwa wamekwisha vuka milima yote: wanajua Kiingereza, wako nje, wako chuoni. Wakaangushwa na uamuzi wa bajeti uliopitishwa Washington, mji ambao huenda hakuna kati yao aliyewahi kuuona. Juni mwaka huohuo Marekani ikaiweka Afghanistan kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia. Wapo waliofanikiwa, sikatai. SOLA, shule ya bweni ya wasichana iliyoanzishwa Kabul na Shabana Basij-Rasikh, ilihamia Rwanda Agosti 2021 ikiwa na watu wapatao 250, wanafunzi, walimu na familia zao, na mabinti hao wamekuwa wakisoma Kigali kwa Kiingereza. Lakini ile ilikuwa shule nzima iliyobebwa katika siku zile za vurugu za uwanja wa ndege. Binti mmoja mmoja anayelipiwa bando leo hana ndege inayomsubiri.

Wanaopinga kufadhili Kiingereza wana hoja nyingine, na sisi tuliopita sekondari za Tanzania tunaielewa hadi kwenye mifupa. Mtoto anatoka darasa la saba akijua kugawanya sehemu kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, somo lilelile linageuka mabubujiko ya Kiingereza, naye ananyamaza. Akinyamaza miaka minne tunasema hana akili. Sasa mtazame binti aliyekatizwa darasa la sita huko Kabul. Hajafika aljebra, hajajua chembe hai ni nini. Ukimpa miaka miwili ya Kiingereza kitupu atajua kuagiza chai London, na mtihani wa hesabu wa kuingia chuo utamshinda vilevile. Ndiyo maana wapo walioamua kufundisha mtaala wenyewe kwa lugha za nyumbani. Begum TV ilianza kurusha matangazo ya setilaiti kutoka Paris Machi 2024, ikifundisha masomo ya sekondari kwa Kidari na Kipashto. BBC nayo ilianzisha kipindi cha Dars mwaka 2023 kwa watoto hawahawa. Setilaiti haihitaji bando, na binti anaangalia pamoja na mama yake.

Je, hiyo inamaliza hoja ya Kiingereza? Nilifikiri hivyo kwa siku tatu hivi. Kisha nikajiuliza: mchango wangu wa elfu hamsini unafanya nini kwenye televisheni? Setilaiti inataka wafadhili wakubwa. Jambo ambalo televisheni haiwezi, na ambalo pesa ndogo inaweza, ni mwalimu anayemjua mwanafunzi kwa jina, anayesikia kosa na kulisahihisha, anayegundua kwamba fulani hajaonekana siku nne. Na walimu wapo. Wanawake waliokuwa wakifundisha sekondari na vyuo vikuu wamekaa nyumbani bila darasa, na tangu Desemba 2022 hata kazi kwenye mashirika yasiyo ya serikali wamezuiwa. Mwalimu wa namna hiyo akilipwa kila mwezi, pesa ileile inakuwa ada kwa mabinti kumi na unga nyumbani kwake. Yeye pia ndiye anayeweza kueleza sayansi kwa Kidari kwanza, kisha akatia Kiingereza juu yake, jambo ambalo kijana wa kujitolea kutoka Ulaya hawezi hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Mpango wa Maskati, nilipouliza, una walimu wa kujitolea wa nchi za nje. Bei yake ni ndogo, ndiyo. Lakini wa kujitolea akipata kazi nyingine Januari, darasa linakufa Januari.

Neno lingine kwenye tangazo ni “wasiojiweza”. Mwenye simu ya kisasa, chaja na chumba cha kujifungia saa moja kila siku si yule maskini kuliko wote. Binti wa kijijini Ghor au Nuristan, ambako umeme ni wa kubahatisha na huenda simu ni moja, tena ya kaka, hatafikiwa na darasa la Zoom. Kwake hata kusoma Kidari vizuri bado ni safari. Simlaumu anayewasaidia wa mjini, nao wamefungiwa, tena wapo waliolipa kwa damu: Septemba 30, 2022 kituo cha masomo cha Kaaj, mtaa wa Dasht-e-Barchi mjini Kabul, kilishambuliwa wanafunzi wakiwa kwenye mtihani wa majaribio, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wasichana wa Kihazara, jamii ya wachache ambao wengi wao ni Washia. Ninachoomba ni tangazo liseme ukweli kuhusu nani anafikiwa.

Kuna la usalama pia. Kwa miaka 20 Kiingereza kilikuwa lugha ya majeshi ya kigeni pale, na wakalimani wao wamewindwa. Sauti ya binti akirudia sentensi za Kiingereza inapita ukutani kwa jirani. Mtihani unaopendekezwa na kikundi, ule unaofanyiwa nyumbani kwa bei isiyofika dola 100, hutaka kitambulisho, kamera inayoangalia uso muda wote, na mtandao usiokatika. Mwishoni mwa Septemba 2025 serikali ilizima intaneti nchi nzima kwa siku mbili hivi. Darasa linalotegemea video ya moja kwa moja linazimika nalo. Linalotuma sauti na kurasa ambazo mtu anazihifadhi kwenye simu linaweza kuendelea.

Na picha. Wachangiaji wanapenda picha: binti na kitabu, binti na cheti, hata akiwa amefunikwa uso. Taliban waliporudi, Basij-Rasikh alichoma kumbukumbu zote za wanafunzi wake akieleza kwamba anafanya hivyo kuwalinda wao na familia zao. Mwanamke huyo alisoma kwa siri akivalishwa kama mvulana wakati wa utawala wa kwanza wa Taliban, anajua karatasi moja inaweza kumfikisha mtu wapi. Kikundi cha Maskati kina orodha ya majina kamili, mitaa na namba za simu kwenye faili linalozunguka WhatsApp. Nilipoliona nililifuta, na nikamwambia ndugu yangu awaombe wengine walifute.

Kwa hiyo nimefika wapi? Nimemjibu kwamba naingia, ila sichangii mlango wa kutokea. Nachangia Kiingereza kinachofundishwa pamoja na hesabu na baiolojia, na mwalimu wa Kiafghanistan aliye ndani ya nchi, anayelipwa kila mwezi kwa hawala, yaani kupitia mawakala wa kutuma pesa bila benki. Mtihani wa dola uje baadaye, kwa yule mwenye chuo kinachomsubiri kweli. Pesa yetu ikikauka, na michango ya msikitini hukauka, tunaijua, binti awe amebaki na kitu anachoweza kukitumia chumbani mwake hata kama hatavuka mpaka wowote. Nikaongeza kwamba kikundi kijifunge kwa miezi kumi na miwili, na kama pesa ni chache basi mabinti wapunguzwe, si miezi.

Amejibu jana usiku. La mwalimu wamelikubali, maana mke wa mmoja wao anamfahamu mwanamke wa Herat aliyekuwa akifundisha kemia na anajua Kiingereza cha kutosha. La picha limezua ubishi. Mzee mmoja ameuliza watu watajuaje kama pesa imefika. Watalijadili Ijumaa baada ya swala. Nimetuma elfu hamsini za kwanza, na kwenye maelezo nimeandika maneno mawili: mshahara, mwalimu.