Taa zilizopauka: usugue mwenyewe au umpe fundi?

Toyota Vitz au IST iliyotumika ikilala nje Dar es Salaam au Tanga, taa zake za mbele hazikawii kupauka. Ukungu huanzia juu, upande unaotazama jua, kisha unageuka njano, na gari zima linaonekana limechoka hata kama bodi bado inang'aa. Hapo ndipo wengi wetu tunapochukua dawa ya meno au kipande cha msasa na kuingia kazini wenyewe uani, Jumapili asubuhi. Mafundi wa rangi wanatulaumu kwamba tunaharibu magari, nasi tunawajibu kwamba wanatutoza pesa kwa kazi ya nusu saa. Kila upande una hoja, ila uzito wake unategemea ni sehemu gani ya gari inayoguswa.

Zamani taa zilikuwa za kioo. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vilihamia kwenye plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haivunjiki ovyo ikipigwa na kokoto. Udhaifu wake ni jua. Ndiyo maana kiwandani hupakwa juu yake utando mwembamba mgumu wa kuzuia miale ya urujuanimno. Utando huo ukishaungua ndio tunaouita ukungu. Kwa hiyo anayesugua taa anaondoa mabaki ya kinga yenyewe, na asipoweka nyingine anaiacha plastiki uchi. Dawa ya meno ni msasa laini sana: jioni ile taa itang'aa na utafurahi, lakini baada ya wiki au miezi michache njano inarudi.

Niliwahi kumpa fundi taa zangu. Alipitisha msasa wa aina moja, akawasha mashine ya polishi, na kabla sijamaliza chai alikuwa amemaliza. Zilipendeza. Masika yalipoisha zilikuwa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu hakupaka chochote juu. Simwoni kuwa mwizi. Analipwa kwa kila gari, na wengine walikuwa kwenye foleni. Mara ya pili nilifanya mwenyewe kwa saa tatu: tepu ya karatasi pembeni kulinda rangi ya boneti, msasa wa maji namba 800, kisha 1500, 2000 na 3000, kila mmoja ukikata mikwaruzo ya uliotangulia. Mwanzoni maji yanatiririka ya njano kama maziwa yaliyochacha. Mwishoni nilipaka klia, yaani ile rangi angavu ya juu kabisa, yenye kinga ya jua. Subira hiyo ndiyo hoja kubwa ya kazi ya nyumbani: hakuna mteja anayekusubiri.

Vipimo navyo vinaiunga mkono. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa na kukuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kuzisugua kulirudisha hadi karibu asilimia 70, awe amefanya fundi au mwenye gari. Kumbe kwenye taa ufundi wa kulipia hauleti tofauti kubwa. Hata hivyo taa zilizosuguliwa bado zilitawanya mwanga na kumuumiza macho anayekuja mbele kuliko inavyoruhusiwa, kwa hiyo anayesafiri usiku mara kwa mara, tuseme Chalinze hadi Segera, akipata pesa anunue taa mpya.

Kwenye rangi ya bodi nawapa mafundi haki yao. Klia ya kiwandani ina unene wa mikromita kama 50, pungufu ya unywele mmoja. Mkono usiozoea unaipenya kwenye kingo za mlango kabla mwenyewe hajagundua, na ikishapenya hairudi kwa polishi. Rangi ya kopo ikipulizwa uani inabeba vumbi, na upepo unaifanya itue na vinundu kama ganda la chungwa. Hata ukipata namba sahihi ya rangi kwenye kibati cha gari, mlango uliopauka miaka kumi hautafanana na rangi mbichi. Siku ya kuuza, mnunuzi akiona mlango mmoja umetofautiana haulizi kuhusu mkwaruzo. Anaamini gari liligongwa, na bei inashuka kuliko ambavyo fundi angekutoza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mapafu. Klia inayochanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha, ina aisosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Hapa sioni mshindi, maana nimeona vijana wa gereji wakipuliza siku nzima pua wazi. Lakini nyumbani kuna watoto wanaocheza hatua tano kutoka kwenye kopo.

Stika, na ile rangi ya mpira ya rimu inayobanduka, sina ugomvi nazo. Ukikosea unabandua, mradi usiziache juani miaka mingi hadi gundi ikauke. Kutoboa buti ili kufunga spoila, lile bawa la nyuma, ni habari nyingine kwetu wa pwani, kwa kuwa tundu lisilozibwa vizuri linaliwa na kutu ya hewa ya chumvi. Na anayezitia giza taa za nyuma ili gari livutie, sijapata hoja ya kumtetea: dereva wa nyuma yake anahitaji kuiona breki. Anayebadili rangi ya gari lote akumbuke pia kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, na Mamlaka ya Mapato, TRA, wanapaswa kujulishwa.

Mlango wangu wa kushoto una mkwaruzo tangu mwaka jana. Msasa ninao, na kopo la rangi yenye namba sahihi liko stoo. Mwisho wa mwezi naupeleka kwa fundi.