Siku ya Tatu Kampala

Jumapili moja, baada ya pilau, tulibishana nyumbani kwa dada mmoja Mtanzania anayeishi Ntinda. Mwenzetu mhasibu alikuwa anafunga mizigo baada ya miaka miwili Kampala. Hakufukuzwa kazi, mshahara haukupunguzwa, hakugombana na mtu. "Hamu imeisha tu," alisema. Kaka mkubwa wa kundi letu, aliyefika Uganda kabla yetu sote, akamwambia huo ni upepo na utapita, avumilie mwaka mmoja tu zaidi. Niliondoka pale nikiwa upande wa kaka. Siku hizi sijui niko upande gani hasa.

Kaka hakuwa anabuni. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, aliandika kuhusu wenzake waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa na furaha yao, waliopita miezi 18 pia, na walionyong'onyea ni wale wa katikati. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg akazipanga hatua hizo na kuiita ya kwanza kwa jina la fungate, ile raha ya maharusi. Tangu hapo anayehamia ugenini huonyeshwa mchoro wa herufi U: unaanza juu, unashuka, halafu unapanda tena.

Tatizo ni kwamba Lysgaard hakuwafuata watu walewale toka siku ya kufika mpaka ya kuzoea. Alilinganisha watu tofauti, waliokaa muda tofauti. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake waliwafuata wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand, na wakakuta taabu kubwa iko mwanzoni kabisa, wakati ambapo mchoro unasema mtu yuko fungate. Kwa hiyo anayekuambia "vumilia, utapanda" anakupa matumaini, hakupi risiti.

Tumgeukie mhasibu. Alikuwa na orodha, na sote tuliijua. Foleni ya Jinja Road. Kodi ya asilimia 0.5 kila ukitoa pesa kwenye simu. Facebook iliyofungwa tangu Januari 2021, hata picha za harusi ya binamu yako uzione kwa kuzunguka na VPN. Bodaboda anayesikia lafudhi yako na bei ikapanda palepale. Na jirani yake, ambaye wiki ile alimgongea mlango akiwa na kadi ya mchango wa kwanjula ya binti yake, ile sherehe ya msichana kumtambulisha mchumba kwa wazazi. "Mimi mtu wa Tanga nichangie kwanjula ya nani?" aliuliza. Tulicheka sana.

Lakini ukiiangalia vizuri orodha ile, karibu yote ilikuwepo siku aliyofika. Foleni ilikuwepo, ila mwaka wa kwanza ilikuwa hadithi ya kuwapigia nyumbani, sawa na rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ambayo alinitumia picha yake kana kwamba amevua papa. Kitu kipya kwenye orodha kilikuwa kimoja tu, ile kadi. Na hapo ndipo nadhani sisi sote pale mezani, kaka akiwemo, tulikosea hesabu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni haombwi mchango. Mhasibu aliyahesabu makaribisho yaliyokwisha, asiione siku ya tatu ilivyokuwa inabisha hodi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna njia yetu ya kulikwepa jembe hilo. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Vizuri kwenye karatasi. Sokoni Nakasero, Kiganda ndicho kinachokula na kunywa, na wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili bado wanakumbuka askari waliokizungumza barabarani. Nimeishi hapa miaka miwili kwa Kiswahili na Kiingereza, nikifika kila mahali na kutofahamiana na yeyote. Halafu jioni moja ndani ya takisi (sisi tungesema daladala) nikasikia mdomo wangu ukisema "mu maaso awo, ssebo", yaani hapo mbele, bwana. Nilisema kwa sababu kituo kilikuwa kinapita, sikuwa najaribu Kiganda. Kondakta hakugeuka hata kunitazama. Sijawahi kufurahia kupuuzwa namna ile.

Hata hivyo simlaumu aliyeondoka. Jembe ni kazi, na mtu hawezi kulima mashamba mawili. Mama yake yuko Tanga, anazeeka, na kumfikia kwa basi ni zaidi ya siku nzima barabarani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ile ya kumruhusu mtu afanye kazi nchi ya jirani, imeanza kazi tangu 1 Julai 2010, lakini mkataba wa kazi bado una tarehe ya mwisho, na mtu anayejua tarehe ya kuondoka hujifunza majirani nusunusu. "Hamu imeisha" huenda lilikuwa jina la adabu la hesabu aliyoifanya usiku, peke yake. Ni mhasibu.

Na mjadala wenyewe una kiburi chake kidogo. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi wao wametoka Sudan Kusini na Kongo. Mama wa Kikongo ninayenunua kwake vitenge alinisikiliza nikimweleza habari za mhasibu, akaendelea kukunja kitambaa mpaka pembe zikakutana. "Weye ulikuja kutembea," akasema. "Miye nilikimbia." Kisha akamgeukia mteja mwingine na kumtajia bei kwa Kiganda kilichonyooka kuliko cha kwangu kwa miaka kumi ijayo. Huyu hakuna aliyemuuliza kama hamu imeisha.

Mhasibu yuko Tanga sasa. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, jogoo wanawika nyuma yake. Nilidhani ataniambia amekumbuka rolex. Alitaka kujua kama ile kwanjula ya jirani ilifanyika, maana kumbe alichanga elfu 50 siku aliyokuwa anaondoka, na mpaka leo hajaona hata picha moja.