"Enda" au "Twende"? Spoti, chakula na mawazo mengi Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akianza kujifungia chumbani, akaacha sahani nusu, akakesha usiku na kulala mchana, ni wachache watakaosema ana sonona. Watu husema "anawaza sana." Ushauri nao hauchelewi: "Acha kuwaza, toka nje, fanya spoti, kula vizuri." Na anayeucheka ushauri huo hakosekani: "Spoti? Mwambie yule mama anayepandisha gunia kutoka Beach Muhanzi mpaka Kadutu kila siku, kamba ikimkata kipaji cha uso. Yeye hana mawazo?"

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, na kila upande una hoja ya kweli mkononi.

Tuanze na wa spoti. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichukua watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na zaidi, wakawagawa makundi matatu: wa mazoezi, wa vidonge vya sertralini (dawa ya sonona), na wa vyote viwili. Baada ya juma 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Dawa ilitangulia kuleta nafuu, mazoezi yakaifikia. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zenye washiriki zaidi ya 14,000, na kutembea, kukimbia polepole, yoga na mazoezi ya kujenga misuli vyote vilionekana kupunguza sonona. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni maneno ya wazungu walioshiba tu.

Kwenye chakula, utafiti unaotajwa zaidi ni wa Australia, ulioongozwa na Felice Jacka na kuchapishwa mwaka 2017. Watu 67 wenye sonona na mlo mbaya walifuatwa kwa juma 12. Nusu walikaa na mtaalamu wa lishe aliyewarudisha kwenye mboga, samaki, kunde na mafuta ya zeituni. Nusu nyingine walipata mtu wa kuongea nao tu. Theluthi moja hivi ya kundi la chakula walitoka kwenye sonona. Kwa wenzao, asilimia 8.

Hapa mtu wa Bukavu anaweza kuuliza zeituni itatoka wapi. Lakini waliyopewa wale Waaustralia, ukiondoa hayo mafuta, ni sahani ya bibi yangu: sambaza, yaani dagaa wa ziwa letu, maharagi, na lenga-lenga, yaani mchicha. Sambaza analiwa mzima, na samaki wadogo wa namna yake wana yale mafuta ya omega-3 ambayo wengine huyanunua kwenye chupa. (Sambaza mwenyewe ni mgeni: aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani angesema si wa kwetu?) Aibu ni kwamba sahani hiyo tunaanza kuiona ya kimaskini, tunakimbilia mikate mieupe na soda.

Hata hivyo kundi la watu 67 ni dogo. Kila mshiriki alijua anapewa nini, na wengi walikuwa tayari kwenye dawa au mazungumzo ya tiba. Na wanaotaka kukuuzia virutubishi vya vidonge wajue kwamba mwaka 2019 utafiti wa watu zaidi ya 1,000 katika nchi nne za Ulaya haukuona vidonge hivyo vikizuia sonona kwa waliokuwa hatarini.

Sasa turudi kwa mama wa gunia, maana yeye ndiye anayenisumbua. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Mama huyu anazimaliza kabla ya Jumanne saa sita. Kama jasho peke yake lingekuwa dawa, wabeba mizigo wetu wangekuwa watu wenye furaha kuliko wote mjini. Tafiti zilizotenganisha mwendo wa kazini na ule wa kujichagulia zimeliona jambo hilo hilo: nafuu ya moyo huambatana na ule wa kujichagulia, wa kazini hauji nayo. Anayembeza mtu wa spoti kwa mfano wa mama huyu amesema kweli, ila kweli yake haivunji hoja ya spoti. Inaonyesha tu kwamba mgongo unaochoka kwa lazima na mwili unaocheza kwa hiari ni vitu viwili. Huyo mama anahitaji kupumzika.

Kuna utafiti mwingine, wa Uingereza, mwaka 2012, ambao wapenda spoti hawapendi kuutaja. Wagonjwa 361: baadhi, juu ya matibabu yao ya kawaida, walipata mtu wa kuwashauri na kuwatia moyo wafanye mazoezi. Walisogea zaidi kidogo, lakini sonona yao haikupungua kuliko ya wenzao. Ukiuweka kando ya ule wa Duke, mimi naona tofauti moja. Kule Duke watu walifanya mazoezi pamoja, mara tatu kwa juma, mtu akiwasimamia. Kule Uingereza waliambiwa "enda." Na sonona ndiyo inayoiba hiyo nguvu ya kuenda. Kumwambia mtu asiyeweza kuoga akimbie asubuhi ni kumwongezea kosa jingine la kujilaumu.

Vijana wanaofanya futingi, zile mbio za polepole za kikundi, alfajiri, wakiimba barabarani, wameshika kitu ambacho washauri wengi wamekiacha. Anayekosa siku mbili anagongewa mlango: "Twende." Hata chakula ni hivyo. "Kula vizuri" haina maana kwa mtu ambaye tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki kufunga, hana mshahara. "Karibu, tukule" ina maana.

Najua nitaambiwa lenga-lenga haiwezi kutibu vita. Ni kweli, haiwezi. Kilichothibitishwa hapa hapa kwetu ni tiba ya maongezi: utafiti wa mwaka 2013 kwa wanawake 405 wa Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, walionusurika ukatili wa kingono. Miezi sita baada ya tiba, waliotibiwa kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa humu humu waliofunzwa, ni 9 kwa 100 tu waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi. Waliopata msaada wa mmoja mmoja bila tiba hiyo walikuwa 42 kwa 100. Hakuna aliyekimbia kilomita hata moja.

Kwa hiyo aliye kwenye dawa asizitupe kwa sababu ameanza kutembea. Kuacha ghafla kunaumiza, azungumze kwanza na aliyemwandikia. Uchovu usioisha upimwe pia damu, maana upungufu wa damu hujifanya sonona. Na mtu akisema hataki kuishi, msimletee habari za sambaza wala za futingi. "Twende" hapo ni ya SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, au hospitali iliyo karibu, usiku huo huo, na mmoja wenu alale naye.